Kamba Iliyosokotwa Kinyume

Wakiuru aliiona kamba kabla hajanawa uso. Alikuwa ametoka kumwagilia miche, ndoo mkononi, gambuti miguuni, mawazo yote yako kwenye mpira wa maji uliopasuka, alipoinua macho akaukuta mugumo, ule mkuyu mkubwa wa pembeni mwa shamba, umefungwa mshipi.

Ilikuwa kamba nene kama mkono wa mtoto. Ilizunguka shina lote, shina ambalo watu watatu wakilikumbatia vidole vyao havikutani. Kwenye kamba zilining'inia karatasi nyeupe, zimekatwa na kukunjwa pembe pembe kama mtoto anavyochora radi. Upepo ulikuwa haba, lakini karatasi zilitikisika. Wakiuru alizihesabu. Nne.

Akageuka akatazama njia ya Kambi Nyuki, kijiji chao karibu na Kitale. Nyumba za wahamiaji waliotoka Nyeri na Murang'a kwenye njia ile zilikuwa nne: yake, ya shemeji yake Kabiru, ya mjane wa fundi cherehani, na ya mwalimu mstaafu. Ndoo ilimtoka mkononi.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, 2007, miezi minne kabla ya uchaguzi. Upande wa mlimani watu walikuwa wakiokota vijikaratasi asubuhi, vingine mlangoni, vingine vimechomekwa kwenye ua. Hameni kabla ya tarehe fulani. Waliocheka walihamishwa na moto. Kambi Nyuki ilikuwa mbali kidogo na mlima, mwendo wa kutosha mtu kujidanganya, na watu walikuwa wamejidanganya vizuri mpaka asubuhi hiyo ya Jumamosi.

Karatasi hizi hazikuwa na neno hata moja. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Maandishi unaweza kuyasoma ukajua umepewa siku ngapi.

"Wamboi!" alimwita binti yake. "Jana nilipokuwa sokoni, nani alikuja hapa?"

"Sikuona mtu. Nilikuwa ndani nasikiliza redio."

"Redio! Watu wanatufungia kamba na wewe uko na redio! Vaa viatu, nenda kwa nyanya yako, cucu Rahab, ukae huko mpaka nikuite."

Kabiru alifika akiwa bado na mswaki mdomoni. Alikuwa mdogo wa mumewe, mtu mwenye mabega mapana na usingizi mwepesi. Mumewe mwenyewe, Muigai, alikuwa Kitui kwenye kazi ya barabara na simu yake ilikuwa imezimwa tangu juzi. Kabiru aliizunguka kamba bila kuigusa. Alipomaliza kuzunguka, alitema povu.

"Imesokotwa kinyume," alisema.

Wakiuru akaangalia. Ni kweli. Kila mtu anayejua kamba, iwe ya mkonge au ya magome, husokota upande mmoja, vile mkono unavyopenda kwenda. Hii ilikwenda upande wa pili.

"Mambo ya kinyume ni ya nani?" Kabiru akauliza. "Hii imefanywa na mtu anayetaka kitu. Nani hapa anautetea huu mti?"

Watu wa Kambi Nyuki walisema mdomo wa Wakiuru hauna breki. Alikuwa na diploma ya kilimo na kitalu cha miche ambacho wakulima walikijia kutoka mbali, na kwa miaka kumi na tano alikuwa akimwambia kila mtu ukweli bila sukari. Asubuhi hiyo hofu ilimshika pale pale mdomoni.

"Chepkemei," alisema, akimtaja jirani aliyezaliwa hapa hapa. "Nilimwambia naukata Jumatatu, mizizi imepasua tangi langu. Akaniambia nikiukata nitajua."

Neno likatoka. Kabiru aliweka mswaki mfukoni, akaondoka akitembea haraka, na Wakiuru akasikia lango la mwalimu mstaafu likigongwa.

Alibaki peke yake na mti, na hapo ndipo akili ilipoanza kurudi, polepole, kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi. Chepkemei alisema nini hasa? Walikuwa wamesimama kisimani, Chepkemei na mtoto mgongoni. "Ukikata huu mti, Mama Wamboi, utajua maji yalikuwa yanatoka wapi." Yalikuwa maneno ya jirani anayeteka maji pale pale. Wakiuru alikuwa ameyakata nusu akampa Kabiru nusu yenye makali.

Akausogelea mti. Alishika kamba kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa nyoka aliyekufa, akavunja kipande, akakinusa. Hayakuwa mabua ya ngano. Wala ya wimbi. Yalikuwa membamba, laini, yenye rangi ya dhahabu iliyopauka. Kazi yake ilikuwa kujua majani. Alikimbia mpaka stoo, akafungua gunia lililokuwa nyuma ya mbolea, akachota konzi akalinganisha.

Majani ya mpunga. Na mpunga hauoti Kitale.

Gunia lile alikuwa ameletewa na Morita, kijana wa Kijapani aliyejitolea kusaidia wakulima na upandaji miti. Alikaa Kanduyi, Bungoma, na kila mara alikwenda Bunyala kwenye mashamba ya mpunga akarudi na majani ya kufunika vitalu. Alikuwa amekuja kwa Wakiuru mara mbili. Mara zote mbili alisimama mbele ya mugumo, akainama, akapiga makofi mawili, akainama tena, na Wakiuru akacheka mpaka akajishika kiuno. Mara ya pili alimwomba asiukate. Wakiuru alimjibu, "Njoo Jumatatu uone mashine yangu ikifanya kazi."

Alichomoa karatasi moja kwenye kamba, akaiweka ndani ya Biblia, akaiweka Biblia ndani ya mkoba. Kisha akaenda kwa Kabiru. Wanaume sita walikuwa uani. Mmoja alikuwa akinoa panga kwenye jiwe.

"Nimekosea," alisema Wakiuru. "Si Chepkemei. Haya ni majani ya mpunga. Ni yule Mjapani."

"Mchele uko hata dukani, Mama Wamboi," alisema mwenye panga.

"Mchele, ndiyo. Haya ni majani! Ulishanunua majani ya mchele dukani wewe?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki.

"Na kwa nini Mjapani atufungie kamba?" Kabiru aliuliza. "Ana shamba hapa? Anataka kura? Wewe ndiye ulimtaja Chepkemei, sasa unamtoa. Amekutisha?"

"Naenda kumleta Morita mwenyewe. Msifanye kitu mpaka nirudi."

"Sisi hatungoji giza litukute. Saa kumi tutaenda kumwuliza huyo mama maswali."

"Maswali na panga?"

"Panga ni ya njia," alisema Kabiru. "Nyasi ni ndefu."

Wakiuru alipita mbele ya lango la Chepkemei akienda barabarani. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni na binti yake, Chepkorir, alikuwa akiimba wimbo wa shule. Ingemchukua dakika moja kuingia. Aliweka mkono juu ya lango, akatazama nyuma, akamwona mmoja wa wale wanaume amesimama njiani anamwangalia. Je, wakisema ameenda kumwonya adui? Na je, kama Chepkemei aliyaiba majani yale stoo kweli? Mkono wake ukatoka langoni wenyewe. Akaenda.

Saa tano na nusu alikuwa Kanduyi. Morita alipanga chumba kwa mama mmoja aliyeitwa Nanyama, mchuuzi wa maharagwe, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara.

"Unatafuta Molita?" Nanyama alisema, akipepeta maharagwe karibu na miguu yake. "Huyo mtoto ameoga mara mbili tangu asubuhi. Mimi namwambia, bana, hata samaki hutoka kwa maji. Kaa, mama, unywe chai."

"Sina wakati wa chai."

"Ai! Nani amekufa?"

"Bado," alisema Wakiuru.

Morita akatoka na taulo shingoni. Alipoiona karatasi ndani ya Biblia uso wake ulichanua kama mtu aliyeletewa barua kutoka nyumbani.

"Umeiona! Nilikuja jana, hukuwepo. Nilisokota mwenyewe, siku tatu. Umependa?"

"Umetuua," alisema Wakiuru.

Alimweleza. Alieleza kwa sentensi fupi, kwa sababu sauti ilikuwa ikimtetemeka na hakutaka Nanyama aisikie. Vijikaratasi. Nyumba nne. Jina alilolitaja. Saa kumi. Morita alikaa chini kwenye ngazi, rangi ikimtoka usoni kidogo kidogo.

"Sikujua," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Kwetu, mti mkubwa sana una kami. Ni mungu, lakini si Mungu wako. Ni mdogo. Ni wa hapo tu. Mlima una wake, mto una wake, jiwe fulani lina wake. Babu yangu alifunga kamba kwenye mwerezi nyuma ya nyumba kila mwaka mpya. Kamba hiyo husokotwa kushoto, si kama kamba ya kazi, ili mtu ajue hii haifungi mbuzi. Inasema: hapa simama. Ogopa kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo. Kama mbele ya mama yako."

"Na karatasi kwa nini hukuandika kitu? Hata salamu?"

"Haiandikwi. Nyeupe ni safi."

"Kwetu mwaka huu nyeupe ni barua ambayo wino wake haujafika," alisema Wakiuru. "Vaa viatu."

Nanyama alikuwa ameacha kupepeta. "Nendeni," alisema, bila utani wowote. "Mimi nilizika dada yangu kwenye vita vya makabila vya tisini na mbili kwa sababu ya maneno kama hayo. Nendeni sasa."

Morita alikuwa na pikipiki ya kazi. Wakiuru, shemasi wa kanisa, alipanda nyuma, akavalishwa kofia ngumu iliyonuka jasho la mtu mwingine, akamshika kijana yule kiunoni kwa nguvu zote. Alimpigia Kabiru mara kumi na moja. Mteja hapatikani. Walipopita Kimilili mawingu yalikuwa yameshuka mlimani, na baada ya hapo mvua ikawachapa, barabara ikawa uji. Waliteleza mara mbili. Mara ya pili walianguka, Morita akaumia kiwiko, bomba la moshi likamchoma Wakiuru mguu, na hakuna aliyesema pole kwa mwenzake. Waliinua pikipiki wakaendelea. Njia nzima alikuwa akihesabu: saa nane na nusu. Saa tisa. Saa tisa na robo. Aliona kichwani mwake lango la Chepkemei, na mkono wake juu yake, na mkono ukitoka.

Walifika saa kumi kasorobo. Wanaume walikuwa chini ya mugumo, wamelowa. Mapanga yalikuwa mikononi. Wakiuru aliyatazama yote, moja baada ya jingine, akitafuta rangi asiyotaka kuiona. Yalikuwa na maji ya mvua tu.

"Huyu ndiye," alisema. "Mwulizeni."

Kabiru alimkagua Morita kutoka viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye ulifunga hii kitu?"

"Ndiyo. Samahani sana. Ni kosa langu." Morita aliinama chini kabisa, mgongo ukawa kama meza. Wanaume wakarudi nyuma hatua moja. Hawakuwa wamewahi kuinamiwa.

"Ni ya nini? Ni uganga?"

Morita akamtazama Wakiuru. Wakiuru akajua kwamba atakachosema yeye sasa ndicho kitakachomtoa kijana huyu hapa akitembea, au akibebwa. Angeweza kusema ni utafiti. Angeweza kusema ni alama ya serikali, na wangemwamini, maana ana diploma. Lakini uongo mmoja wa nusu sentensi ulikuwa umeshafanya kazi ya kutosha siku hiyo.

"Kwao wanaamini mti mkubwa hivi unakaliwa," alisema. "Si shetani. Ni kitu cha kuheshimiwa. Alisikia naukata, akauwekea kamba ili nione haya. Hajui habari ya vijikaratasi. Ni hayo tu."

"Unakaliwa na nani?" mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, akijisogeza kutoka kwenye kivuli.

Cucu Rahab, mama yake Kabiru, alikuwa amekuja na mwavuli akiwa ameshika mkono wa Wamboi. Alisonya. "Na huo unaitwaje? Si mugumo, mti ambao wazee wetu waliomba chini yake? Nyinyi mnauliza Mjapani kitu ambacho nyanya zenu waliwachapa kwa ajili yake? Hata baba yenu akiwa mlevi namna gani, hakuwahi kuukojolea huu. Nani kati yenu angeukata Jumatatu? Mikono juu."

Hakuna mkono uliopanda. Mwalimu mstaafu akacheka kwanza, kicheko kirefu, chembamba, cha mtu aliyesamehewa kitanzi. Wengine wakamfuata. Walimpiga Morita mgongoni, wakamwita Mzee wa Miti, mmoja akamwuliza kama kwao wanafunga na ng'ombe kamba za karatasi. Morita hakucheka. Alikuwa akiifungua kamba yake, akisema kitu kwa lugha yake, akiomba radhi, pengine kwao, pengine kwa mti.

Wakiuru naye hakucheka.

"Chepkemei mmemwambia kwamba yameisha?" aliuliza.

Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Hatukumgusa," alisema Kabiru.

"Sikuuliza hivyo."

"Mvua ilianza, tukaona twende mapema. Tulisimama tu kwa lango. Tukamwita atoke. Hakutoka." Alitazama chini. "Hatukuingia, Mama Wamboi. Nakuapia."

"Mlisimama kwa lango watu sita na panga, mkamwita kwa jina."

Kabiru alisugua panga lake kwenye suruali kana kwamba lina uchafu.

Wakiuru alikwenda peke yake. Morita alitaka kumfuata, akamkataza kwa kidole. Lango la Chepkemei lilikuwa limefungwa, lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Jikoni sufuria ya maharagwe ilikuwa imekauka, maharagwe yameungua, harufu imejaa nyumba. Wakiuru aliiepua. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kwenye kizingiti. Nyuma ya nyumba, nyayo ziliingia ndani ya mahindi: kubwa za mtu mzima, na ndogo za mtoto.

Mahindi yalikuwa yamempita kimo. Aliingia. Majani yalimkata uso, maji yakamwagika shingoni, na baada ya hatua ishirini hakuona nyumba wala mbingu vizuri.

"Mama Chepkorir!" aliita. "Ni mimi! Ni Wakiuru!"

Aliposikia sauti yake mwenyewe, alielewa kwamba mle ndani kuna watu wanaoikimbia hiyo hiyo. Aliogopa kuita tena, na aliogopa kutoita. Chini kulikuwa na mto, na mto ulikuwa umejaa mvua. Aliita mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemwita kuku.

Mtoto alikohoa. Karibu sana, mkono wa kulia. Kikohozi kilizibwa katikati.

"Uko na nani?" Ilikuwa sauti ya Chepkemei, lakini bila Chepkemei ndani yake.

"Niko peke yangu."

"Kaa chini."

Wakiuru akakaa kwenye tope.

"Weka mikono kwa kichwa."

Akaweka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mama, shemasi, mtu anayefundisha wakulima, na aliketi kwenye matope na mikono kichwani, meno yakigongana.

"Imeisha, Mama Chepkorir. Ilikuwa kosa. Yule Mjapani ndiye alifunga, wamemwona, wamekubali. Rudi nyumbani. Hakuna mtu atakugusa."

Maji yalidondoka kutoka jani hadi jani.

"Wale wanaume waliniita jina," alisema Chepkemei. "Siyo ati wewe wa hapo. Jina. Nani aliwapa jina langu?"

Alijua angeweza kusema Kabiru. Ingekuwa karibu na ukweli, na Chepkemei angerudi, angeingia nyumbani, angekoka moto upya.

"Mimi," alisema Wakiuru.

Mahindi yakafunguka. Chepkemei alitoka na panga lake mwenyewe mkononi, mtoto mdogo mgongoni, na Chepkorir nyuma yake, mguu mmoja bila kiatu. Alisimama juu ya Wakiuru muda mrefu. Wakiuru hakuinua macho. Aliona tu ncha ya panga, na tope, na vidole vya yule msichana vikijikunja kwa baridi.

"Naenda Kimilili kwa dada yangu," alisema Chepkemei mwishowe. "Ng'ombe nakuachia, ana ndama wa wiki mbili. Usikamue yote."

"Mama Chepkorir..."

"Nimesema ukae."

Wakapita. Wakiuru alisikia majani yakichakacha kuelekea barabarani, kikohozi cha mtoto, kisha mvua peke yake. Aliendelea kukaa, mikono kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia aishushe.